Hata Unywele Mmoja

3 Februari

Mwanangu,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha unywele wa mwisho wa utosi wa baba yako, uliofariki jana asubuhi kwenye kitana baada ya kuishi peke yake kwa muda mrefu. Hakuna matanga. Mama yako ameupuliza dirishani.

Hujambo lakini? Mkeo hajambo? Sisi wazima, ukiondoa magoti ya mama yako na masikio yangu. Hayo masikio ndiyo sababu naandika: kwenye simu, mpaka nikusikie mimi, mtaa mzima umeshasikia.

Picha ya mjukuu wangu, mtani wangu, imefika. Nywele zote hizo kwa mtoto asiye hata na meno! Sasa sikiliza. Kichwa kile asikiguse mtu. Babu yako nilimnyoa mpaka siku tuliyomzika. Wewe nilikunyoa ukiwa na ukubwa wa mkate, nikakunyoa tena asubuhi ya harusi yako. Amebaki huyo. Mwezi wa nane mkija likizo nitamketisha kwenye kiti changu cha kinyozi, juu ya ule ubao wa watoto, nimnyoe mimi. Sina kingine ninachotaka.

Kazi inaendelea. Fundi baiskeli ameanza kufuga ndevu. Na umri ule! Anasema ni mtindo.

Baba yako

24 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na msiba. Zangu nazo zimeanza kuondoka, zinaanzia pembeni mwa paji la uso kama wapangaji wasiotaka kuaga. Nilipokuwa mdogo nilidhani upara ni kitu ambacho akina baba huzaliwa nacho.

Tuko salama. Mtani wako amejifunza kukaa, na kila akikaa anatazama nyuma kuona nani kamkalisha.

Baba, mwandiko wako. Mke wangu alidhani barua ililowa njiani. Mikono iko vipi? Naye ameuliza, kwa upole, kama bado unatumia wembe.

Mwezi wa nane tunakuja, Mungu akipenda.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kalamu ndiyo mbovu.

Basi, si kalamu. Nilipomaliza kuandika hayo mama yako alipita nyuma yangu, akakohoa.

Mkono ukilala pajani unatulia kama mgeni. Ukishika wembe tu, unaanza mambo yake. Nilikwenda kwa daktari, kijana ambaye kisogo chake kilihitaji kazi, akasema ni umri. Nikamwuliza, una dawa? Akasema tujaribu vidonge. Vidonge vinanilaza mimi, mkono unabaki macho.

Na zile ndevu si mtindo. Mwaka jana wembe uliniponyoka kwenye sikio la fundi baiskeli, kidogo tu. Sasa mwalimu mstaafu naye kafuga, muuza magazeti naye kafuga. Kila asubuhi wanakuja, wananisalimia, wanakaa kwenye benchi, wanacheka upara wangu, wanaondoka. Kwenye kiti hakai mtu. Juzi nikamwambia fundi, "Kaa nikupunguze."

"Ah, mzee wangu, hizi mama watoto kazipenda mno!"

Kumbe mkewe yuko mlangoni. "Kazipenda nani?" akauliza.

Sasa nafanya mazoezi. Napaka puto povu la sabuni, nalinyoa, kama nilivyofundishwa ujanani. Likipasuka, mama yako anaitikia kutoka jikoni: "Pole! Marehemu alikuwa nani?" Mpaka mwezi wa nane nitakuwa nimeweza.

Baba yako

28 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo huko? Hujajibu. Sisi tupo, magoti na masikio ni yale yale.

Nimefikiri. Wembe, basi. Nitatumia mkasi, ule wa ncha butu. Mama yake mtoto amshike kichwa, wewe unishike kiwiko.

Na kama bado mnaona ni hatari, nikate unywele mmoja, wa kisogoni, mbali na masikio. Zilizobaki amalizie mtu mwingine hapo hapo, mimi nitashika kitambaa. Ubao nimeupiga msasa usimchome mapaja.

Hata unywele mmoja. Mwambie mkeo hivyo.

Baba yako

21 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini mkono una nafuu na mama hajambo. Sikujibu mapema kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika habari za mvua.

Barua yako ya mkasi ilifika Jumatatu. Mtoto alikuwa ameshanyolewa Jumamosi.

Nywele zilikuwa zikimwingia machoni, na joto lilimtoa vipele. Lakini si vipele, Baba. Tuliogopa. Wote wawili, kwa hiyo usimlaumu mkweo. Kinyozi wa huku hakujua kuwa ni mara ya kwanza, wala hakuuliza. Alipomaliza akaita, "Anayefuata!" Mtoto hakulia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na chupa yake ya maziwa.

Nywele zimo humu kwenye bahasha. Mwezi wa nane utaninyoa mimi. Kwa wembe. Nitatulia.

Mwanao

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni mama yako. Mimi nasema tu, naye anapunguza anayoyaona hayafai.

Bahasha imefika. Nilizimwaga nywele juu ya kitambaa cheupe nikavaa miwani. Zimekatwa kwa mashine, zote urefu mmoja. Nilitafuta kosa, sikuliona. Kijana anajua kazi.

Wewe sikunyoi. Una mtoto wa kulea.

Fundi baiskeli nimemwambia akanyolewe anakotaka, sitanuna. Kesho yake akaja kidevu kinang'aa, akakaa kwenye benchi, akafungua gazeti akalishika juu sana ili nisimwone uso. Wenzake wakamfuata. Mtaa mzima sasa ni videvu vitupu. Mimi ananinyoa mama yako. Ananikata, lakini si sana. Maneno "lakini si sana" ameyaongeza yeye.

Mwezi wa nane njooni kama mlivyopanga. Maputo yamebaki matano, atachezea mtani wangu.

Baba yako