Nyota za Kwenye Sinia

Itigi, Jumanne

Kwa hiyo mimi ni jasusi. Mzee Njiku, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja mchana akasema amesikia najifungia ndani na kamera na kwamba napiga picha za reli.

"Karibu ndani ujionee, Mzee," nikamwambia.

Nikamimina maziwa kwenye sinia, nikadondoshea wino wa bluu, mafuta ya kula, kisha tone la sabuni. Rangi zikatawanyika. Nikamweleza kwamba hizo ni nyota zinazozaliwa, na ndiyo sinema ninayotengeneza kwa kamera niliyoachiwa na padre. Aliinama akatazama mpaka zikatulia.

"Nzuri, mwalimu. Lakini filamu naichukua, wakaiangalie wilayani."

Wakiifungua kwenye mwanga, picha zote zitafutika. Nimemwambia. Sijui kama alisikia, au...

Jioni Selina, mwalimu mwenzangu ninayeishi naye, amerudi kwa treni kutoka Manyoni alikokuwa tangu jana. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba Mzee Njiku alikuja. Kabla hajavua hata viatu akaniuliza, "Amechukua filamu tu, au na kamera?"

Nikamjibu filamu tu. Kisha nikampakulia ugali, tukala.