Shangazi Alipanda Uso Mbele

Zakaria,

Nimekalia lile pipa lako nyuma ya karakana ya reli. Karatasi iko juu ya kipande cha bati na mkono wangu una grisi, kwa hiyo ukiona madoa usiulize. Ninakuandikia kwa sababu nina maswali. Najua hutajibu, lakini hata ulipokuwa hai nikikuuliza jambo la maana ulikuwa unatazama juu na kupiga mluzi.

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Nianze na habari za Shangazi, maana ndizo ungezitaka kabla ya habari za watu. Hajambo. Spoki za gurudumu la nyuma zimeanza kulia tena kwa ukavu huu wa Voi, na Jumamosi tulimpeleka mtoni tukamsimamisha majini mbao zifure. Salim bado anasema maji yanaziozesha. Mwalimu Elija bado anasema gurudumu la mbao lisilonyweshwa ni kuni. Mimi bado nasema dawa ni mafuta ya mbarika, na bado hakuna anayenisikiliza. Rangi pia hatujapatana. Mwalimu anataka nyeusi kwa sababu gari lilizaliwa jeusi, Salim anataka kijani, na mimi sitaki rangi yoyote mpaka boneti inyooshwe. Tukishamaliza kubishana tunakungoja useme lako. Halafu tunakumbuka.

Unakumbuka siku tulipomtoa kwenye shamba la mkonge? Meneja alikuwa amelitupa gari miaka mingi, kuku ametagia chini ya usukani, na wewe dereva wa lori la shamba ndiwe uliyetuita sisi watatu tuje tuone maajabu. Watu wazima wanne tukalivuta kwa ng'ombe mpaka Voi huku mji mzima ukitucheka. Mke wangu aliuliza tumeokota shangazi wa nani, na jina likabaki hapo.

Sasa nije kwenye lile jambo. Ninazunguka kwa sababu linaniuma.

Shangazi hapandi mlima uso mbele. Hilo analijua kila mtu kuanzia Mwatate mpaka Wundanyi. Tangi lake liko chini ya kiti, petroli inateremka yenyewe kwenda kwenye injini, haina wa kuisukuma. Pua ikiinuka kupita tangi, petroli inakataa kupanda, gari linakohoa na kuzima. Kwa hiyo tukifika chini ya mlima tunamgeuza, tunapanda kinyumenyume, dereva amepinda shingo na sisi wengine tunatazama tulikotoka. Wanawake wa sokoni Mwatate walikuwa wakisema Shangazi ana haya, anaonyesha milima mgongo.

Lakini wewe ulikuwa na hadithi yako. Kwamba siku moja, peke yako, ulimpandisha mpaka kwa mama yako Wundanyi uso mbele, kona zote, hata ile ya jiwe, bila kuzima. Ulisimulia kila Jumapili, na kila Jumapili tulicheka. Shahidi nani? Hakuna. Mbona hurudii tukaona? Unapiga mluzi.

Siku moja tu ulikubali kujaribu, ukaongeza petroli yako mwenyewe bila kutuambia kiasi, sote wanne ndani. Kwenye kona ya jiwe Shangazi akakohoa akazima, Salim akaruka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nikasema haya bwana, iko wapi ile safari yako? Ukasema, "Basi shukeni, niende naye peke yangu." Tayari nilikuwa nimefungua mlango. Ukatutazama mmoja mmoja, kisha ukasema, "Aa, basi. Tugeuze." Nilicheka mpaka Wundanyi. Nilihesabu kwamba umeshindwa.

Na ile Jumapili ya mwisho hotelini kwa Salim, mbele ya wale madereva wa malori kutoka Mombasa, ukaanza tena. Wakakuuliza maswali kwa heshima, wakaanza kukuamini, na mimi sijui nilishikwa na nini. Nilikuambia, "Zakaria, we ni mwongo, na uongo wako unatuaibisha." Nilisema kwa sauti. Ukaweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, ukachukua kofia ukatoka. Koti lako ulilisahau kwenye kiti cha Shangazi. Nilijiambia nitakuona Jumapili ijayo, tutaelewana, mbona tumeshagombana sana. Jumatano ukaanguka shambani, na hawakuwahi kukufikisha hospitali.

Nisamehe. Nilitaka kuliandika mwisho lakini kalamu imekataa kungoja.

Kwenye mazishi nilikaa nyuma kabisa. Dada yako Wakesho alinipa mkono nikashindwa kumtazama. Baada ya mwezi nikapanda tena Wundanyi na lori la mboga kumpelekea lile koti. Akanipa sahani ya kimanga, tukakaa nje, na ndipo nikayaona madebe mawili ya petroli ukutani, amepanda vitunguu ndani. Wewe unanijua, mimi chuma chochote lazima niulize kimetoka wapi. Akasema uliyaleta wewe, siku mama alipozidiwa ukaja mbio kutoka Voi peke yako. Shamba ndilo lililokupa petroli. Ulimimina debe moja ndani ya tangi Voi, la pili ukalimimina chini ya mlima, ukamletea mama madebe matupu ya kutekea maji.

Zakaria, nilikiacha kimanga. Madebe mawili! Sisi tangu lini tulimpa Shangazi madebe mawili? Sisi tunachanga chupa chupa, huyu moja, yule nusu, na tangi kwa michango yetu halijawahi kupita robo. Tangi likijaa, petroli iko juu zaidi. Pua inaweza kuinuka kiasi na bado ikateremka. Mimi fundi wa reli, nimeshika spana maisha yangu yote, na kwa miaka hiyo yote sikujiuliza tangi lako siku ile lilikuwa na kiasi gani.

Nikamuuliza Wakesho kama anakumbuka gari lilikujaje. Alinishangaa. Akasema walikuwa wamesimama ukingoni mwa mlima wakikungoja kwa sababu ya mama, na safari hiyo taa za mbele ndizo walizoanza kuziona, wakati siku zote walizoea kuona mgongo. Kumbe shahidi alikuwepo. Alikuwa akitupikia kila tukifika, na katika ubishi wetu wote hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

Ungedhani ningeridhika. Lakini nilisema moyoni, huyu ni dada, anampenda kaka yake, na mimi chuma naamini nikikishika. Nikaomba ruhusa kazini siku ya Jumanne, nikamjaza Shangazi mpaka petroli ikaonekana mdomoni mwa tangi, nikaondoka bila kumwambia mtu. Kwenye hendeli ya kuzungusha injini iwake, ile inayorudi ghafla na kuvunja mkono, nilisikia sauti yako, "Gumba nje, Danieli." Mkono wangu huu uliovunjika mara moja tu unakushukuru kila asubuhi ya baridi. Gumba nikaliweka nje.

Mwatate wanawake walisimama wakingoja nigeuze. Sikugeuza. Mmoja akaniita, akaniambia baba, umepotea, mlima ni huo. Nikampungia mkono, jasho limeshanilowesha.

Sasa maswali yangu ndiyo haya. Kwenye kona ya jiwe, alikukoholea na wewe? Mimi alinikoholea mara mbili, nikajikuta nimeinama mbele mpaka kidevu kiko juu ya usukani, mtu mzima, utadhani uzito wa kichwa changu ungesaidia. Wewe uliinama? Ulisema naye? Mimi nilimwambia, "Shangazi, tafadhali, usiniaibishe kwa Zakaria." Akavuta pumzi, akapanda. Akapanda tu, taratibu, injini inaunguruma vizuri, mpaka juu.

Lingine. Uliona kwamba ukienda uso mbele hakuna cha kutazama? Mwamba, nyasi, na kipande cha barabara. Tukipanda kinyumenyume tulikuwa tunaiona nchi yote, mkonge umepangwa mistari, Kasigau kule mbali, moshi wa treni ya Taveta, na wewe ukitaja kila kilima jina ilhali tunavijua vyote. Siku ile peke yangu sikuona hata kimoja. Nilifika kwenu nikakuta mlango umefungwa, Wakesho ameenda sokoni. Hakukuwa na mtu. Mbuzi mmoja alinitazama akaendelea kula. Nilizima gari, nikakaa, nikalia kile kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi.

Jumapili nikawaambia. Ungekuwepo! Nilisimama hotelini nikaeleza yote, madebe, tangi, kona ya jiwe. Salim alicheka mpaka akashika meza, akasema, "Wallahi, huyu naye kapatwa na ugonjwa wa marehemu." Mwalimu akavaa miwani yake akauliza, "Shahidi nani?" Nikasema Wakesho alikuwa sokoni. Wakaanza kucheka upya. Nikawaambia basi Wakesho alimwona Zakaria. Mwalimu akajibu kwamba dada mtu atasema nini kingine. Nilipandwa na hasira nikatafuta kofia yangu. Nikaishika mkononi, halafu nikakuona wewe na kofia yako, ile Jumapili. Nikakaa chini. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unajisikia, na miaka yote hiyo ulikuwa unarudi tu, Jumapili baada ya Jumapili, kunywa chai na sisi.

Nikasema twende, nitawaonyesha. Jumapili iliyopita tukaenda watatu, tangi limejaa pomoni, nimepima kwa kijiti mbele yao. Mwatate wakatushangilia. Nikaingia mlimani uso mbele nikiwa na uhakika kama wa jua kuchomoza. Na kwenye kona ya jiwe, palepale, Shangazi akakohoa, akatetemeka, akazima.

Nikajua kabla hata breki haijashika. Ni uzito. Petroli ilikuwepo safari hii, nguvu ndiyo iliyoisha. Salim peke yake ni magunia mawili ya mahindi, na Mwalimu huja na kapu lake la vitabu hata mlimani. Tangi likijaa na mtu mmoja ndani, anapanda. Tukiwa wengi, gea inayoweza kutubeba ni ile ya kurudi nyuma tu.

Salim alikuwa ameshashuka kuweka jiwe, anahema, anacheka mwenyewe. Mwalimu alikuwa anajaribu kuuteremsha ule mguu wake wenye chuma cha risasi tangu vita vya Burma, anaushika kwa mikono miwili kama unavyojua. Nikafungua kinywa. Nilitaka kuwaambia washuke wote wawili, wasimame pale kando ya barabara juani wanitazame, halafu nipande peke yangu mbele ya macho yao na ubishi uishe siku hiyo hiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama Salim na jiwe lake. Nikautazama ule mguu.

Nikajisikia nikisema, "Aa, basi. Tugeuze."

Mwalimu aliacha mguu wake akanitazama. Salim naye akaacha kucheka. Tukageuza.

Zakaria, ulikuwa unajua. Siku ile nilipokwisha kuufungua mlango, petroli yako ilikuwa imejaa ndani, na ulishajua kwamba tukishuka utashinda. Ungetuacha chini, ukapanda, ukatushinda sote mchana kweupe, na ungefika juu peke yako na mbuzi. Ukachagua kupanda kinyumenyume na sisi, na mimi nikakucheka mpaka Wundanyi, ukaniacha nicheke.

Tulipanda polepole. Nchi ikafunguka chini yetu, mkonge wote na reli yote. Pale ulipozoea kuanza kutaja vilima, Salim akasema kwa sauti ndogo, "Kasigau." Mwalimu akasema, "Sagalla." Mimi nilikuwa nimepinda shingo natafuta barabara na macho yamejaa maji, kwa hiyo tuligonga ukingo mara moja. Madigadi imepinda kidogo. Nitainyoosha.

Wakesho alituona mgongo, kama kawaida. Amekusalimu.

Basi, ndugu yangu, nikuache upumzike. Kikombe chako Salim amekitundika ukutani na hampi mtu. Mimi nakupa ahadi mbili. Kila mwaka, siku kama ile uliyoanguka, nitamjaza Shangazi, nitapanda uso mbele peke yangu mpaka kwenye kaburi lako, gumba nje, na nikirudi sitamwambia mtu. Na Jumapili nitasimama hotelini niwasimulie jinsi Zakaria alivyopanda, na Danieli naye akapanda, waniulize shahidi nani, nami nitazame juu na kupiga mluzi. Wacheke wanavyotaka. Waongo sasa tuko wawili.

Ni mimi mwenzako,
Danieli