Betri ya Kanisani

Igowole, Mufindi

Dada yangu mpendwa Frida,

Kamwene, dada. Natumaini kidonda cha upasuaji kinakauka na mtoto ananyonya vizuri. Huku tunaamka, ingawa nyumba imekuwa kubwa mno. Mama anakula kidogo nikimlazimisha. Hakuna anayekulaumu kwa kutokuja kumzika Baba. Ila habari aliyokupa shemeji Edmund ndiyo niliyowaambia watu wote, lakini wewe nataka nikueleze ukweli wenyewe.

Asubuhi ile upepo uliangusha mpaina juu ya nyaya, umeme ukakatika kijiji kizima. Mashine ya oksijeni iliyokuwa ikimsaidia Baba kupumua ikanyamaza. Halfani wa dukani alikimbilia kanisani, akaja na betri ya sola na inveta ya kuugeuza umeme wake uendeshe mashine. Betri tuliiacha sebuleni, tukavuta waya mrefu mwembamba hadi kwenye inveta chumbani kwa Baba. Inveta ikawa inalia, inajizima. Midomo ya Baba ikawa ya kijivu.

Nikachukua mita ninayofundishia fizikia. Kwenye betri nilipata volti kumi na mbili, kwenye inveta kumi na nusu tu, na mkondo ampea thelathini. Volti moja na nusu ilikuwa inapotelea njiani. Nikaigawa kwa thelathini: ukinzani wa waya ni omu sifuri nukta sifuri tano. Ni kidogo, dada, lakini kwa mkondo ule wati arobaini na tano zilikuwa zinaishia kuupasha waya moto. Nikaukata ukabaki kipande kifupi, nikaiburuta betri hadi miguuni pa kitanda. Mashine ikanguruma. Mama akapiga magoti.

Kisha nikazidisha volti kwa mkondo: wati mia tatu na sitini. Kwa ukubwa wake, betri ile ingetufikisha alasiri tu. Gari la jirani yetu Saulo, ambalo lingempeleka Baba hospitali Mafinga, lilikuwa limekwama Nyololo nyuma ya lori la mbao lililopinduka. Alisema kwenye simu asingefika kabla ya jioni, na njiani tungehitaji betri hiyohiyo.

Nilimweleza Baba hesabu yote, maana unajua hakupenda kufichwa. Akasema kwa kukatakata pumzi, "Zima kidogo, mwanangu. Tubakize ya njiani." Nikawa nazima, akilemewa nawasha; Mama alikuwa jikoni uani, hakuona.

Frida, niliwaambia watu betri iliisha. Haikuisha. Nilizima mimi. Alikuwa amenishika mkono, nikamuuliza kama niwashe, akatikisa kichwa kwamba bado anaweza. Nikamwamini kwa sababu hesabu yangu ilitaka nimwamini. Vidole vyake vikalegea. Niliwasha, mashine ikanguruma vizuri kabisa, yeye hakuvuta pumzi tena. Nikaizima, nikamwita Mama; alikuwa bado anamwita Baba jina lake tuliposikia honi ya Saulo nje. Barabara ilikuwa imefunguliwa mapema.

Halfani aliirudisha betri kanisani. Aliiona bado ina nguvu, nadhani anajua. Mama hajui. Kila jioni ananishukuru kwa nilivyohangaika, nami nainuka kuosha vyombo. Darasani nako mada iliyo mbele ya kidato cha tatu ni hiyohiyo ya volti na mkondo, na siwezi kuiandika ubaoni. Nishauri, dada: nimwambie Mama, au nife nalo?

Msalimie Edmund, umbusu mtoto. Mama anasema usinyanyue ndoo bado.

Mdogo wako,
Juliana