Kiwiko cha Furaha

Bugarama, Rusizi

Maman mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye joto la mashamba ya mpunga. Huko Kalemie mmeamkaje? Ule mguu wako umetulia, au bado unakusumbua mvua ikikaribia? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umeelemewa, na haya siwezi kuyasema kwenye simu kwa sababu Furaha hukaa pembeni akisikiliza.

Mdogo wangu huyu anaumwa mkono. Unajua tangu aje kuishi kwangu amekuwa mrushaji hodari wa timu ya mpira wa mikono shuleni. Majirani nao walimsifia adabu: akisalimia watu wazima, anashika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, kama desturi ya huku inavyotaka. Nikavimba kichwa. Mpaka asubuhi moja nikamkuta anapiga mswaki huku amekishika vilevile. Mswaki nao ni mzee wa kuheshimiwa? Nilimwambia anyooshe mkono, ukakwama katikati.

"Haiumi, Yaya," aliniambia mimi dada yake, machozi yakimlengalenga. Mficha maradhi kifo humuumbua, Maman. Nikampeleka hospitali.

Walimpiga picha za mifupa, daktari akanionyesha. "Mutoto anatupa mupira kila siku, na mufupa yake bado inakomaa," alisema. "Hapa imekosa damu. Kipande imetoka pamoja na gegedu yake, inatembea ndani ya kiwiko. Njo maana mukono inakwama." Lazima kitolewe kwa upasuaji, kisha apumzike miezi mingi. Huenda asirushe tena mpira. Akiendelea kucheza hivi hivi, mkono utabaki umekunjika.

Furaha anakataa upasuaji. Jana alinitoroka akaenda mazoezini. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka, kisha nikamuuliza anamwogopa nani.

"Nikiacha mupira, Maman atafurahia nini kwangu?"

Nililia, sikufichi.

Nisalimie shangazi Zawadi anayetuombea kila alfajiri, na mjomba Musafiri, fundi wetu wa baiskeli. Mwambie asifunge safari kuja kuuvuta mkono huu, si mnyororo.

Maman, kila Jumapili ukipiga simu, neno lako la kwanza kwake ni, "Mulishinda mechi?" Jumapili hii nakuomba usimuulize hivyo. Mwambie tu kwamba umemkumbuka.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Espérance