Goli Lililokutajia Pointi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijui kuanza kuongea na wewe kwa namna nyingine.

Leo nimepita uwanja wa shule nikaona wasichana wakicheza kikapu, na mwaka ule ukanirudia wote. Nilikuwa kidato cha tatu. Presha ya macho ilikuwa imemaliza jicho lako la pili. Wewe, fundi redio uliyejulikana kutoka Majengo mpaka Chala, watu waliposikia huoni wakaacha kuleta redio zao, mmoja mmoja, kwa adabu. Nawe ukaacha kuja kwenye mechi zangu. Nilipokuuliza ulisema, "Nije kufanya nini, Tekla? Nasikia kelele tu. Sijui hata nani anaongoza." Mama aliendelea kusonga ugali bila kugeuka.

Jibu ulilipata mwenyewe, Jumapili moja baada ya misa. Ulikuwa na ile kalkuleta inayoongea, inayotaja namba kwa Kiingereza cha puani, uliyoinunua macho yalipoanza kufifia. Ulikaa kibarazani unaichezea. Mbili, jumlisha, mbili, sawasawa. Ukabonyeza sawasawa tena, na tena, na kila mara iliongeza mbili na kutaja jumla. Ukaniita.

"Mpira ukiweza kubonyeza hapa," ukasema, "nitajua matokeo bila kumuuliza mtu."

Tulitafuta kalkuleta ya pili, moja kwa kila goli, tukazifungua zote. Mikono ilikuwa yako, macho yangu. Tulitoa nyaya kwenye kitufe cha sawasawa tukazipeleka kwenye swichi chini ya ringi, na juu ya swichi tukaweka kipande cha bati, ili mpira ukitoka kwenye neti ukigonge. Sauti tukaiunga kwenye spika zako za zamani, moja kila upande. Ulitaka ukae katikati ya uwanja. Sikio la kushoto lingekuambia pointi zetu, la kulia za wageni. Mitupo ya adhabu, yenye pointi moja moja, mwalimu wa michezo alikubali kuiandika pembeni kwa chaki na kuitaja kwa sauti, na timu zisibadilishane magoli kipindi cha pili.

Siku ya kwanza tulipolijaribu goli, hakuna aliyekuwa amegusa mpira, spika ikaanza kutaja: mbili, nne, sita. Upepo ulikuwa unatikisa bati. Ulisikiliza mpaka ikafika ishirini, kisha ukasema, "Huyu upepo ana shabaha. Mwambie mwalimu amsajili." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilisogea mbali nijifanye natafuta bisibisi, maana nilikuwa nalia. Nilikuwa nimesahau kicheko chako kikoje. Tukaweka springi ngumu zaidi, upepo ukanyamaza.

Halafu kuna jambo ambalo tulilimaliza mimi na wewe, lakini nataka kuliandika. Siku moja kabla ya mechi ulinipa waya wa mwisho niuchomelee mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha. Nilikuwa nimechoka na mazoezi. Ukaniuliza, "Umeuvuta? Umeshika?" Nikakujibu, "Umeshika, baba." Sikuwa nimeuvuta kuupima.

Timu ya wageni ilitoka Nkasi. Ulikaa kwenye benchi katikati, na koti lako lile la kijivu, kichwa umekiinamisha kidogo. Kipindi cha kwanza kila kitu kilikwenda vizuri, na kila namba ilipotajwa watazamaji waliirudia kwa pamoja. Kipindi cha pili nilifunga mimi, na spika ya kushoto ikakaa kimya. Nikakuangalia. Ulikuwa umegeuza uso upande wangu, unangoja.

Refa alisimamisha mchezo. Nilikushika mkono nikakupeleka kwenye nguzo, pale tulipokuwa tumefunga kisanduku cha kalkuleta. Ulichuchumaa, vidole vyako vikapita kwenye nyaya, mmoja baada ya mwingine, vikasimama kwenye waya wangu.

"Waya umechomoka tu," ukamwambia refa. "Dakika moja."

Ukausokota kwa vidole, ukaufunga kwa tepu, ukabonyeza mwenyewe, lile goli langu likahesabiwa. Tulifungwa siku ile, kwa pointi nne. Ulijua ni nne kabla mwalimu hajatangaza.

Njiani kurudi nyumbani, mkono wako ukiwa begani kwangu, nikasema, "Baba, ule waya ulikuwa wangu. Sikuuvuta."

"Najua. Risasi yako huwa na donge kubwa."

Kisha ukasema, "Siku nyingine ukichoka, niambie umechoka. Uso wako siuoni tena, mwanangu. Nimebaki na maneno yako tu."

Sikukudanganya tena. Watu waliokuwa uwanjani walianza kutuletea tena redio zao, na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, kibovu nilikuambia ni kibovu. Hata mwaka jana, ulipokuwa kitandani na wageni wote wanakuambia unaendelea vizuri, uliningoja watoke ukaniuliza, "Nimekonda?" Nikasema, "Umekonda sana, baba." Ukanipapasa mkono ukasema asante. Hakuna neno lililowahi kuniuma kulitamka kama lile, na bado sijutii.

Baada ya kukuzika nilifunga kibanda chetu cha redio. Mama alikuwa anafagia mbele ya mlango wa kibanda kila asubuhi, basi. Jumatatu iliyopita nikafungua. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa samaki kutoka Kabwe, redio yake imeingia maji. Aliniangalia, akaangalia ndani nyuma yangu, akauliza, "Fundi nimemkuta?"

Nikavuta kiti akae.

"Umemkuta, mama," nikasema. "Ni mimi."

Pumzika, baba. Huku tunaendelea, na siku nitakayoshindwa, nitakuambia nimeshindwa.

Ni mimi binti yako,
Tekla