Matone Upande wa Nafula

Jumatatu, 3 Julai
Nimeamka saa kumi na moja, kama kawaida. Githeri, mahindi na maharagwe ya kuuza, imechemka ndani usiku kucha kwenye koili ya stima, mlango umefungwa. Imeiva. Nimeonja kwa kijiko cha Nafula, kile kilichopinda shingo. Tangu yeye, mke wangu, afariki mwezi wa tano, nauza mimi mahali pake, langoni pa ploti tunayopanga.

Tone likaniangukia mkononi. Baridi. Silingi bodi, dari yetu ya mbao, ina doa, upande aliokuwa akilala yeye. Nimetoka nje kutazama. Hakuna mvua. Udongo mkavu.

Jumatano, 5 Julai
Tena. Nimehesabu matone saba kabla ya mwanga. Moja huanguka juu ya kifuniko cha sufuria. Ti. Kisha kimya. Ti.

Jua lilipotoka, kitu kikatembea juu ya silingi. Ta, ta, ta, kutoka kitandani hadi mlangoni. Binti yangu Nekesa akaketi.

"Baba, ni mama?"

Nikamwambia ni mabati yanapata joto. Sikuamini mwenyewe.

Nyumba hii ni mpya. Tulihamia hapa mtaa wa Kongo mwezi wa tatu. Kule Mashimoni, Kibera, paa lilikuwa matundu matupu. Nafula alikuwa akilala chali akichagua nyota yake. Ikinyesha, tulilowa. Isiponyesha, hatukulowa. Sijawahi kuona nyumba inayojinyeshea yenyewe.

Ijumaa, 7 Julai
Doa limefika ukubwa wa sinia. Nekesa ameanza kukohoa. Ana miaka minane, kifua chake ni chepesi kushikwa.

Nilimweleza Mama Brayo, jirani, akinunua githeri. Akashusha sauti. "Baba Nekesa, kwani huko nyumbani mlimzika vizuri kweli?"

Nikampimia githeri yake. Gauni la Nafula la kwaya, lile la kijani, lilipotea. Nilitafuta kwenye sanduku, chini ya godoro, nikauliza hata kanisani. Tukamzika na gauni la dada yake. Lilimpwaya mabegani. Naliona kila siku.

Jumapili, 9 Julai
Baada ya kanisa alikuja Otieno, fundi wa mabati. Akapapasa silingi, akanusa vidole, akatazama sufuria yangu.

"Mzee, hii si mvua. Ni githeri yako. Mvuke unapanda, unakuta mabati baridi, unarudi chini kukusalimia." Akacheka sana. Mimi kidogo.

Amesema nipikie nje siku tatu. Juu pakinyamaza, tumemshika mwizi.

Jumanne, 11 Julai
Nimepikia nje kwa jiko la makaa, siku ya pili sasa. Alfajiri hakuna tone hata moja. Nekesa amekohoa mara mbili tu.

Nilipaswa kufurahi. Nimekaa kitandani nikingoja. Nyumba ilikuwa tupu kuliko siku ile tuliyorudi kutoka mazishini.

Alhamisi, 13 Julai
Jana jioni nilirudisha sufuria ndani. Nikafunga mlango. Nekesa nimemwambia makaa yameloa. Uongo.

Alfajiri, ti.

Nikasema, "Umeamka?"

Ti. Halafu zile hatua. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 15 Julai
Nekesa alikosa pumzi asubuhi. Mbavu zilikuwa zikizama kila akivuta hewa. Nilimbeba mgongoni hadi kliniki, nikihesabu pumzi zake shingoni mwangu. Wamemwekea dawa ya kuvuta kwa barakoa. Daktari akauliza kama nyumbani kuna unyevu, kama kuna kuvu. Nikasema sijui.

Najua. Kuna madoa meusi ukutani, juu ya godoro lake. Nilimnyima mtoto hewa ili nimsikie mama yake.

Jioni nimemwambia Otieno yote. Safari hii hakucheka.

Jumapili, 16 Julai
Otieno amebandua mbao mbili za silingi. Mabati yote kwa ndani yalikuwa na jasho. Kila msumari una tone lake, linaning'inia.

"Hapa juu ya ukuta huwa kuna nafasi ya upepo," akasema. "Nani ameziba?"

Pande zote. Nguo.

Nikakumbuka. Mwezi wa tatu, wiki tuliyohamia, nilirudi kutoka kibarua cha mjengo huko mtaa wa Olympic, nikakuta nyumba ina joto zuri. Nafula alikuwa ameketi kitandani akihema, vumbi la silingi nyweleni, stuli iko katikati ya chumba. Nekesa alikuwa na mafua. "Nimeifukuza baridi," akaniambia, akicheka. Sikuuliza ameifukuza vipi.

Otieno akavuta, mimi nikapokea. Leso mbili. Sweta yangu ya zamani. Shuka ya Mashimoni. Kisha, upande wa godoro la Nekesa, kitu kilichokunjwa vizuri kuliko vingine. Kijani. Pini ya kwaya bado iko kwenye kola.

Wakati ule alikuwa ameacha kwaya. Pumzi ilikuwa ikimwishia katikati ya wimbo. Alijua hatalivaa tena.

Otieno alisimama pale juu, mkono ndani ya tundu. "Mzee, niache upande mmoja?"

Nikalipapasa lile gauni. Nekesa akakohoa.

Nikasema, "Toa zote."

Jumatano, 19 Julai
Baridi imeingia kweli. Nekesa analala na ile sweta yangu, nimeifua. Sufuria iko nje. Silingi imerudishwa, na doa limebaki duara la kahawia, kavu. Upepo unapita juu yetu usiku kucha.

Gauni limekauka kambani. Linanuka sabuni tu. Nimelikunja jinsi alivyokuwa amelikunja, nikaliweka sandukuni.

Jana Nekesa hakukohoa hata mara moja.

Leo jua lilipotoka, nilikuwa macho. Ta, ta, ta, hadi mlangoni.

"Ni mabati," akasema Nekesa, bila kufungua macho.

Nikasema ndiyo.