Uzi Shingoni mwa Mwende

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Habari za Kivaa? Mgongo umekuachia kidogo? Na mtoto mchanga wa Mwende, amekubali maziwa ya kikombe ama bado anapigana nawe? Huku hospitalini Machakos tuko salama. Nakuandikia kando ya kitanda cha mdogo wangu Mwende, yeye akisinzia.

Kwenye simu sikukueleza yote. Figo zake ziliposimama baada ya kuzaa, daktari alisema damu isafishwe kwa mashine, na mrija upitie mshipa mkubwa wa shingo, ule unaorudisha damu moyoni. Akampapasa shingo kwa vidole viwili, nikamkumbuka marehemu Baba akipima kamba ya ndama isimkabe. Vidole viwili, kila mara.

Sindano ya kwanza ilikosea. Mshipa unaotoa damu moyoni umepakana na huo mwingine, na damu nyekundu ikaruka. Daktari akaitoa haraka, akafinya pale muda mrefu, na bado shingo ikavimba. Wakahamia upande wa pili wakitazama kwa mashine ya picha, kisha wakapiga eksirei, maana ncha ya pafu iko karibu na hapo. Pafu lilikuwa zima.

Kosa la pili lilikuwa langu. Unajua kazi yangu kule EPZ, kiwanda cha nguo, kutwa nakata nyuzi zinazoning'inia kwenye suruali. Asubuhi moja nikaona uzi mweusi umechomoza chini ya plasta yake. Mkono ukaenda wenyewe kwenye makasi yangu mkobani.

“Mama! Weka hiyo makasi chini!” muuguzi akanirukia. “Huo uzi ndio umeshika mrija. Ukichomoka, atavuja damu ama hewa iingie moyoni.”

Mwende, na ugonjwa wote ule, akanong'ona, “Dada, mimi si suruali.”

Nilicheka huku nalia. Tumemzika Baba juzi tu, Mwaitu. Karibu nimuue mtoto wako kwa usafi.

Figo zimeamka, na jana mrija ulitolewa. Alilazwa chali, akaambiwa azuie pumzi hewa isiingie. Muuguzi akauvuta taratibu, akafinya kwa kitambaa.

“Haya, pumua.”

Mwende akapumua. Muuguzi akanitazama. “Na wewe pia, mama. Pumua.”

Msalimie mume wake Kioko, aje Jumamosi na sweta. Nisalimie pia mjomba fundi viatu, na shangazi aliyefunga na kutuombea.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Nduku